Bi Pua na Chupa Tatu za Maziwa

Wifi yangu hajawahi kula kitu ambacho hakukinusa kwanza. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wanamjua kwa kisa cha supamaketi tu, na kisa chenyewe wanakisimulia vibaya. Wanasema bibi kizee alichanganyikiwa, akaanza kufungua chupa zisizo zake. Mimi nilikuwepo, nimesimama naye bega kwa bega. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, lakini ya wakati ule ambao mtoto alirudishiwa insha yake mpaka kosa la mwisho liishe. Kwa hiyo acheni niandike mimi.

Ni dada wa marehemu mume wangu. Jina alilopewa na wazazi wake wachache wanalikumbuka. Jikoni kwenye hospitali kubwa walimwita Bi Pua, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Aliingia kule akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuosha sufuria. Sufuria zenyewe ni zile ambazo mtu mzima anaingia ndani akachutama. Aliosha miaka mitatu, akapandishwa kumenya, kisha kupika, na alipofika thelathini na ushee mpishi mkuu akamkabidhi meza ya kupokelea vyakula. Hapo hakuondoka tena mpaka siku waliyompa kadi ya kustaafu na saa ya ukutani.

Ile meza niliiona. Ilikuwa ya saruji, nje ya mlango wa nyuma, imesuguliwa mpaka imekuwa laini kama sabuni. Saa kumi na mbili asubuhi magari yalipofika, hakuna kilichovuka kizingiti kabla hakijapita mezani kwa Bi Pua. Samaki alimfunua matamvua. Nyama aliigusa kwa mgongo wa kiganja. Gunia la unga alilizamishia mkono mpaka kwenye kiwiko, maana wauzaji wajanja huweka mzuri juu. Na hakupima kimoja hata siku moja. Alichukua cha mbele, cha katikati na cha nyuma; vitatu, ndipo akasaini.

Maziwa yalikuwa na mtihani wao peke yao. Alichota kijiko kimoja, akakishika juu ya moto mpaka yachemke. Yakipanda vizuri, yameingia. Yakikatika, maji yakaenda huku na mabonge yakabaki kule, gari lirudi nayo lilikotoka. Yanaweza kuwa hayajatoa harufu bado, lakini safari ya kuharibika yameshaianza, na wagonjwa ndio watakaofika nayo.

Siku moja alirudisha gari zima. Mwenye maziwa alikuwa rafiki wa mkubwa wa hospitali, na mkubwa akashuka ngazi mwenyewe, koti linapepea.

"Wewe mama, unamjua huyu ni nani?"

"Simjui, bwana mkubwa. Namjua ng'ombe wake tu. Alikamuliwa juzi."

Gari likarudi. Na Bi Pua akabaki pale kwenye meza yake miaka mingine ishirini na miwili.

Sasa tuje kwenye uzee wetu. Soko letu dogo lilihamishiwa mbali, kule ambako magoti yetu hayafiki, na mahali pake wakajenga supamaketi yenye milango inayofunguka yenyewe. Tulianza kwenda kila Alhamisi saa nne asubuhi, mimi na yeye. Tulikuwa tukinung'unika tangu mlangoni hadi kaunta, siwezi kukataa.

Mkate wao ukiuminya unarudi kama sifongo. Kuna mmoja tuliusahau kabatini siku kumi na mbili, haukuota hata ukungu. Akaushika, akaugeuza, akaniambia, "Wifi, kitu ambacho hata ukungu umekikataa, mimi ni nani nikile?" Kuna maji ya chupa yaliyoandikwa kwamba hayana mafuta. "Afadhali wametuambia," akasema, "ningekaangia." Kuna machungwa yaliyomenywa yakafungwa kwenye plastiki. Alisimama mbele ya yale machungwa muda mrefu. "Limevuliwa nguo yake nzuri, likavalishwa mfuko. Kwani chungwa lilikosa nini?"

Lakini hayo yalikuwa maneno ya kuchangamsha njia. Kilichomuuma hasa ni kwamba lile duka halina harufu. Unapita kwenye samaki unasikia sabuni. Unapita kwenye nyama, unasikia baridi. "Wamenifunga kitambaa machoni," alisema, "halafu wananiambia nichague."

Basi, kuna wiki maziwa tuliyonunua yalikatika kwenye chai, na tarehe iliyoandikwa kwenye chupa bado ilikuwa na siku tisa. Alimwaga, akaosha sufuria, akaninyamazia. Mimi nimemjua miaka hamsini. Akikununia umepona, akinyamaza jiandae.

Alhamisi iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwenye jokofu la maziwa. Akachukua chupa ya rafu ya juu, akazungusha kifuniko, nikasikia kimekatika, akanusa. Akairudisha. Nikamvuta mkono.

"Wifi, we! Watu!"

"Watu nini? Shika hiki kifuniko."

Akachukua ya rafu ya katikati, akafungua, akanusa, akairudisha. Akainama akachukua ya rafu ya chini. Hiyo aliinusa mara mbili, kisha akaweka mgongo wa kiganja chake kwenye ubavu wa chupa kama anavyomgusa mtoto mwenye homa.

"Hii," akasema.

Mlinzi alikuwa ameshafika. Mama wa makamo, kofia imekaa upande, redio ya mkononi inakwaruza.

"Bibi! Weka chini hiyo chupa! Unakunywa maziwa hujalipia?"

"Nani kakunywa? Nimenusa."

"Umefungua tatu!"

"Ulitaka nifungue moja? Moja itakwambia nini?"

Watu wakaanza kusogea. Msichana mmoja akainua simu yake atupige picha. Meneja akaja, mtu mwembamba mwenye tai, akaongea na Bi Pua kwa ile sauti ya taratibu ambayo watu huwatolea wazee na walevi.

"Mama, pole sana. Una mtu wako wa karibu tumpigie?"

"Mtu wangu wa karibu huyu hapa." Akaninyooshea mimi kidole.

Na mimi hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao sijajisamehe. Watu wanatutazama, nikaona bora yaishe. Nikafungua pochi nikampa meneja namba ya mtoto wa wifi. Bi Pua aliniangalia mara moja tu, hakuniangalia tena mpaka nyumbani.

Mtoto wake ni mpimaji ardhi, kijana mzuri, sasa naye ana mvi. Alifika na viatu vyake vya kazini vimejaa udongo. Akalipia chupa tatu, akaomba radhi kwa meneja, akaomba radhi kwa mlinzi, akatupakia garini. Kwenye kutushusha tu ndipo akanong'ona, "Mkazamjomba, umefanya vizuri kuwapa namba yangu."

Jumapili wakaja wote wawili, yeye na mkewe. Mkewe anafanya kazi ofisini, ana moyo mwema, sitaki mtu amfikirie vingine. Ila anakula kwa saa. Asubuhi mdomo umefungwa, saa sita mchana unaruhusiwa, saa kumi na mbili jioni unafungwa tena. Anakunywa majani mabichi yaliyosagwa, na alishatuambia mimi na Bi Pua kwamba ngano ni sumu, sisi tulioila miaka sabini.

"Mama," mtoto akaanza, "tumeshaongea."

"Mmeongea na nani?"

"Mimi na mwenzangu."

"Basi mmeongeana. Na mimi bado."

"Mama, sikiliza. Watu wanasema umeanza kusahau. Kufungua vitu vya watu dukani... wewe mwenyewe zamani ungefanya hivyo?"

"Zamani nilifanya hivyo kila siku asubuhi. Ndiyo kazi iliyokusomesha."

Mkwe akaingia kwa upole. "Mama, hatukulaumu. Kila Jumatatu nitakuletea kikapu, vitu vizuri vya afya, hutahitaji kwenda dukani tena. Na mwezi ukiisha uhamie kwetu. Chumba cha nyuma kipo, kina dirisha."

Bi Pua akanigeukia. "Wifi, nimesahau nini mimi?"

"Hujasahau kitu," nikasema. Lakini sauti yangu ilitoka ndogo, na walioisikia wakaisikia hivyo hivyo.

Wakati wanaondoka, funguo za gari mkononi, mtoto aliinama akambusu mama yake kwenye paji la uso kama mtu anayemuaga mgonjwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Kikapu kikaja Jumatatu, kweli. Kulikuwa na biskuti zisizo na sukari, ngumu kama vigae. Kulikuwa na unga ambao si wa nafaka yoyote. Kulikuwa na mfuko wa mbegu ndogondogo nyeusi, na pakiti mbili za maziwa ya lozi.

Bi Pua aliishika pakiti, akaipeleka mbali na macho ili asome. "Wifi, lozi ina kiwele?"

"Wanasema wanazisaga."

"Haya. Na mbegu hizi nimwagie kuku?"

"Huna kuku."

"Ndiyo maana nauliza."

Tulicheka, lakini alicheka kidogo. Chakula alikipanga kabatini, hakukitupa, maana kutupa chakula hajui. Akala mkate wangu, na chai ya rangi. Jumatatu ya pili kikaja kikapu kingine, na cha kwanza bado kipo. Siku hiyo nilimkuta amekaa mezani kwake, mikono imelala juu ya kitambaa, haifanyi kitu. Mikono ile sijawahi kuiona haifanyi kitu.

"Wifi," akasema, "mtu akishaanza kuletewa chakula ambacho hakukichagua, wiki ijayo ataletewa nguo asizochagua. Halafu ataletewa saa ya kulala. Mimi chumba cha nyuma siingii. Siyo kwamba ni kibaya. Nikiingia mle nimekubali kwamba akili imetoka, na haijatoka."

Nikamwambia, "Nisamehe ile namba."

"Nilikukasirikia siku nne. Zimeisha. Nipe simu."

Akampigia mtoto wake. Nilikuwa nimekaa pale, nilisikia kila neno. "Jumamosi saa tatu asubuhi, wewe na mkeo, mlangoni kwenye supamaketi. Nitawaonyesha nilichokuwa nafanya. Mkiona nimechanganyikiwa, nahamia siku hiyohiyo, na masanduku utanibebea wewe. Mkiona sijachanganyikiwa, kikapu kimekwisha, na chumba cha nyuma wekeni baiskeli."

Alipokata simu, nikamuuliza lililonisumbua. "Na kama Jumamosi maziwa yote yatakuwa mazima?"

"Nitahama. Nimeshasema." Akanirudishia simu. "Ila mkono wangu uligusa ile chupa ya rafu ya chini, wifi. Haikuwa na baridi."

Jumamosi alivaa gauni lake la kijani na viatu vya kufunga kamba. Kwenye mkoba akatia kijiko cha bati chenye mpini mrefu, kile alichokuja nacho kutoka jikoni. Tulipofika, mtoto na mkewe walikuwa wameshasimama mlangoni, wamesimama kama watu waliokuja kuchukua majibu hospitali.

Hakuwasalimu kwa kirefu. Alimtafuta meneja, akamkuta karibu na kaunta, na mlinzi yuleyule nyuma yake.

"Mwanangu, wiki ile nilikosea kitu kimoja," akamwambia. "Nilifungua kabla ya kulipa. Kule nilikofanya kazi, mzigo ukifika mezani ulikuwa chini yangu. Hapa si kwangu, nililisahau hilo. Naomba radhi."

Mtoto wake akashusha pumzi. Nadhani alifikiri yameishia hapo.

"Leo nalipa kwanza," Bi Pua akaendelea. "Kisha nataka moto."

Akachukua chupa tatu: ya rafu ya juu, ya katikati, ya chini. Akazilipia mwenyewe. Karibu na mlango wa kuingilia kuna kona wanayouza chai na maandazi, na mama mmoja ana jiko la gesi pale. Bi Pua akamwomba pembeni ya moto wake, na yule mama akamsogezea bila kuuliza, maana wapishi wanajuana kwa kutazamana mikono.

Kijiko cha kwanza. Maziwa yakatulia, yakatetemeka pembeni, yakapanda meupe na laini. Akayamwaga kwenye kikombe, akafuta kijiko kwa leso safi.

Kijiko cha pili. Yakapanda vilevile.

Mkwe ameshika mkono wa mumewe. Meneja akatazama saa yake. Nilimtazama Bi Pua usoni. Alikuwa hatutazami hata mmoja wetu, anatazama kijiko.

Cha tatu alikishika chini kidogo, karibu na moto. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha nikaona ukingoni kama vumbi jeupe, vumbi likawa punje, punje zikawa mabonge, na katikati yakabaki maji ya kijanijani.

"Yamekatika," alisema mama wa chai, kabla yetu sote.

Meneja akainua chupa, akasoma. "Lakini tarehe bado. Kuna siku sita hapa."

"Tarehe iliandikwa kiwandani, mwanangu. Haijui yaliyoyapata maziwa baada ya hapo."

"Pengine ni hii moja tu, mama."

"Pengine. Ndiyo maana huwa sipimi moja. Nenda kachague mwenyewe, rafu ya chini, unayoitaka. Mimi nisikuguse mkono."

Akaenda, tukamfuata sote kama maandamano. Akaleta mbili. Zote mbili zikakatika. Hapo hakutazama saa tena.

Bi Pua akarudi kwenye jokofu, na kwa umri wake akachutama, magoti yakilia, mtoto akiruka kumshika, naye akimpungia aache. Chini kabisa walikuwa wamepanga makasha ya siagi, yamebana ukutani. Akalivuta moja, akalivuta la pili. Nyuma yake palikuwa na matundu membamba kama ya chujio.

"Baridi inatokea hapa," akasema. "Mmeiziba. Rafu za juu zinapata ya upande mwingine, hii ya chini inakaa kama kabati. Weka mkono."

Meneja akapiga magoti na tai yake, akaweka mkono. Upepo wa baridi ukatoka, hata mimi niliyesimama niliusikia kwenye vifundo.

Ndipo mlinzi akavua kofia. "Meneja," akasema, "mimi huwa nanunua maziwa hapa nikimaliza zamu. Wanangu waliyatapika wiki iliyopita, nikadhani ni homa." Akamgeukia Bi Pua. "Bibi, nilikukemea mbele za watu."

"Ulikuwa kazini, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeacha kazi, ndiyo tofauti."

Meneja akaamuru rafu nzima iondolewe, akasimamia mwenyewe. Hakutupatia shada la maua, wala hatukuliomba. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo mteja akishalipa, akiwa na shaka, anaweza kufungua palepale kona ya chai, na kikiwa kibovu anabadilishiwa. Na Alhamisi zilizofuata nimewaona watu wakifanya hivyo, wengine vijana kabisa, wananusa kwa aibu kidogo.

Mkwe alikuwa bado anakitazama kijiko. "Mama," akasema, "na yale ya lozi, nayo yanapimwa hivi?"

"Hayo siyajui, mwanangu. Hayo utanifundisha wewe. Mengine nitakufundisha mimi."

Mkwe akacheka, na mimi nikaona mabega yake yameshuka. Nilivyosema, ana moyo mwema.

Mtoto alibaki amesimama, mikono mfukoni. Ni mtu wa kupima. Kazi yake yote ni kushuka kwenye shamba na kuthibitisha kwa kamba na vigingi yale ambayo watu wanabishania. Nadhani ndiyo maana hakuhitaji maelezo zaidi.

"Mama, kile kikapu..."

"Kikapu kimefanyaje?"

"Kimekwisha."

"Na chumba?"

"Nitaweka baiskeli."

Bi Pua aliitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya akishasaini. Akakitia kijiko mkobani, akatazama foleni, akatazama rafu za mayai kule mwisho. Mtoto akakimbilia kitoroli, akakishika kwa mikono miwili.

"Lete nisukume mimi, Mama. Magoti hayo."

Akamwachia. "Sukuma," akasema. "Kuchagua nachagua mimi." Akatangulia mbele yetu, akalichukua yai la kwanza, akaliinua kwenye taa ya dari aone ndani, akafumba jicho moja.